Sauti Chini ya Ngazi

Ngooo. Ikanyamaza. Ngooo.

Treni ilikuwa imesimama, madirisha yote meupe kwa ukungu, kama mtu ametundika shuka nje ya kila kioo. Hatukuona kituo, hatukuona mji, hatukuona hata nyasi za kando ya reli. Kengele tu. Na haikutoka mbele wala ubavuni. Ilitoka juu, mahali ambapo akili inakuambia hapana kitu ila mawingu.

“Umesikia?” Nikamtikisa Mwewe bega. “Hiyo ndiyo kengele ya mnara! Ndiko tunakokwenda!”

Mwewe akatega sikio mpaka ilipolia tena.

“Iko juu sana hiyo,” akasema.

“Si ndiyo raha yake?”

“Sijakataa raha. Nimesema iko juu.”

Mzee aliyeketi mbele yetu akacheka kidogo. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekuja na kazi.

Mwewe ni rafiki yangu tangu tulipokuwa tukigombania dawati moja shuleni. Kazi yake ni kupaua nyumba, na jina hilo alipewa na mafundi wenzake kwa sababu alikuwa akitembea juu ya mgongo wa paa kama mtu anayetoka sebuleni kwenda jikoni. Halafu akaanguka. Alikuwa akishuka kutoka paa la ghala, akakosea hatua, ndivyo watu walivyosema, akavunjika mguu. Mguu uliunga vizuri. Daktari alimwambia anaweza kutembea, kupanda, hata kucheza mpira akitaka. Lakini Mwewe hakupanda tena. Alirudi kazini akawa mtu wa chini: anachambua misumari, anakata mbao, anawarushia wenzake kamba. Wakaanza kumwita Kifaranga. Kwanza kwa mzaha, baadaye bila mzaha.

Halafu Fundi Mkuu, yule aliyemfundisha kazi tangu mwanzo, akamwita kando. Jumatatu wanaanza paa la ukumbi wa shule. “Jumatatu nikuone juu,” akamwambia. “Usipopanda, nafasi yako nampa mwingine. Siwezi kuwa na mpauaji wa kukaa chini.”

Mwewe alinisimulia hayo akitazama viatu vyake. Mimi damu ilinichemka. Nikamwambia, “Jumamosi tunakwenda mji wa ngome. Kule kuna mnara ambao huo ukumbi wenu ukiuona utaona haya. Utaupanda, nitakuwa nyuma yako, na nitakusomea shairi kila hatua. Ukirudi Jumatatu, paa la shule litakuwa kama mkeka sakafuni.”

“Shairi,” akasema.

“Shairi.”

“Na nikikwama?”

“Na shairi langu? Hukwami.”

Mtu asiyenijua angesema najigamba, na anayenijua husema hivyo hivyo. Sijali. Kazi yangu ni pasi, kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, mvuke kutwa nzima, mashati ya wageni yamerundikwa mpaka kidevuni. Mashairi nilijifunza mwenyewe, kwa kusoma kurasa za washairi katika magazeti makuukuu tuliyokuwa tukitandika chini ya meza za kupigia pasi. Hakuna mwalimu aliyenionyesha kina wala mizani. Mkono wangu ndio ulionifundisha: pasi mbele, silabi; pasi nyuma, silabi; zikitimia nane nageuza shati. Juma zima nilitunga shairi la Mwewe juu ya mikono na kola za watu, na kufikia Ijumaa lilikuwa limenyooka, halina kunyanzi. Sikuwa nimewahi kutoa mshororo uliopungua mizani wala uliozidi. Nikimwona mtu anatunga papo hapo mbele za watu, akibabaisha vina huku akitoa macho, mimi huondoka zangu. Shairi huketiwa.

Asubuhi hiyo mama yake Mwewe alitusindikiza mpaka mlangoni, akanikabidhi mkoba wa mkate na mayai ya kuchemsha.

“Mkatazame,” alisema. “Kutazama tu, wanangu. Msije mkapanda popote.”

“Tutatazama, mama,” nikasema.

“Sikukuuliza wewe. Wewe mdomo wako naujua. Namwambia huyu.”

“Sawa, mama,” akasema Mwewe, masikio yakamwiva.

Basi treni ikatikisika, ikajivuta, ikatuingiza kituoni ukungu ukianza kupasuka. Tukatoka nje, tukasimama katikati ya watu na mizigo yao. Nilikuwa nimejiandaa kusema kitu cha kukumbukwa. Ngome ilikuwa imetokeza nusu: chini ukungu, juu mawe, kama imeachwa inaning’inia. Kuta nene zilizopanda na kushuka na mgongo wa kilima, vinara vya pembeni kama ngumi zilizokunjwa, na katikati mnara wenyewe, mrefu, wa kijivu, upande mmoja umepigwa na jua mpaka unang’aa.

“Lo!” nikasema.

Mwewe akanigeukia. “Malenga mzima! Umesafiri njia yote hii uje kusema lo?”

“Ngoja, bado naipima.”

“Ipime haraka, unawazibia watu njia.”

Tukapanda kuelekea ngome kupitia mitaa ya zamani, myembamba kiasi kwamba madirisha ya huku na ya kule yangeweza kuazimana chumvi. Ngazi za mawe zilizolika katikati kwa nyayo za watu. Duka la saa, duka la vitabu, fundi viatu amekaa kizingitini akipuliza gundi. Kila tulipokata kona mnara ulikuwa umesogea, mara kulia, mara kushoto, kama unatuchungulia. Nilikuwa nikienda mbio bila kujijua, nikirudi, nikimvuta Mwewe mkono, nikimwonyesha hili na lile.

Lakini Mwewe alikuwa na mambo yake. Alikuwa akitazama mapaa.

“Ona walivyolaza vigae hapa,” akasema, kasimama katikati ya njia kichwa nyuma. “Kila kimoja kimemlalia mwenzake theluthi mbili. Theluthi mbili, bwana! Sisi tunalaza nusu, halafu mvua ikiingia tunalaumu mvua. Na ile kona, yule aliyekata ile kona...”

“Kaka,” mwanamke mmoja mwenye kapu akamwambia, akimzunguka, “nyota hutoka usiku. Saa hizi tazama mbele.”

Tukacheka wote watatu. Nami moyoni nikafurahi kupita kiasi, kwa sababu tangu aanguke sikuwa nimemwona akiinua macho kutazama paa la mtu. Nikajiambia, kazi imekwisha kabla ya shairi. Halafu nikaona vibaya kwa niaba ya shairi.

Penye lango tukavuka daraja juu ya handaki lililojaa nyasi. Mlinzi alikuwa mama mmoja mwenye mabega mapana na filimbi shingoni, na sauti iliyoweza kufanya kazi ya filimbi.

“Msiguse silaha, msikimbie kwenye ngazi, msiandike majina yenu ukutani,” akatuambia. Halafu akaninyooshea kidole. “Wewe hasa.”

“Mimi nimefanya nini?”

“Bado. Lakini una uso wa mtu anayeandika ukutani.”

Mwewe alicheka mpaka akashikilia lango.

Ndani tulitembea kama watoto walioachiwa nyumba. Jiko lenye meko makubwa ambayo ungeweza kuingiza kitanda ndani yake. Ukumbi mrefu wenye mikuki imepangwa kama vijiko. Kisima kirefu, ukidondosha neno linarudi baadaye limebadilika sauti. Katika chumba cha kulala cha mtawala tukakuta kitanda chake, kifupi ajabu.

“Alikuwa mfupi hivi?” nikauliza.

“Au alilala ameketi,” akasema Mwewe, “anaogopa kupinduliwa.”

Halafu akaacha kucheka, akatazama mlango wa mnara. Ulikuwa mdogo, wa kuinama, na ndani yake ngazi ya mawe ilijizungusha kwenda gizani.

“Basi,” akasema.

“Basi,” nikasema. “Tangulia. Mimi nyuma yako.”

Nikavuta pumzi, nikaanza kwa sauti niliyoiandaa juma zima:

*Panda mwenzangu upande, mawingu yanakungoja,*
*Mguu usikushinde, weka mmoja mmoja...*

Kuta za mawe zililichukua shairi langu zikalifanya kubwa kuliko nilivyolitunga. Ubeti wa kwanza ulitoka safi. Wa pili ukatoka na jasho. Kufikia wa tatu pumzi ilikuwa imeniishia, maana ngazi zile zilikuwa ndefu za hatua na sikuwa nimepata kusoma shairi huku nikipanda. Juu yangu nilisikia miguu ya Mwewe, tap, tap, tap, haraka, nyepesi.

“Panda... mwenzangu... u...”

“Upande,” akanimalizia kutoka juu. “Nimeshapanda. Wewe uko wapi?”

“Nakuja... ninakulinda... nyuma!”

“Unanilinda kutoka mbali sana, ndugu yangu!”

Nilipofika kwenye sakafu ya mbao, chini ya ile kengele kubwa, nilimkuta ameketi amekunja nne, anamenya yai. Pembeni yake alisimama mama wa filimbi, ambaye sijui alipita wapi. Nadhani walinzi wana njia zao. Kutoka hapo hadi kileleni palikuwa na ngazi ya mbao, wima karibu kabisa, inaingia kwenye tundu la mraba lililojaa anga.

“Wachache wachache,” mama akasema. “Mnapanda mkitazama ngazi, mnashuka mkitazama ngazi. Uso kwa mbao, mgongo nje. Nikipuliza filimbi mnashuka, wenzenu nao waone.”

Mwewe akavua viatu, akafunga kamba zake, akavitundika shingoni kama anavyofanya akipanda kwenye vigae, kwa sababu fundi wa paa husikiliza kwa nyayo. Akaishika ngazi. Akapanda. Hakusita hata kidogo. Alimezwa na lile tundu kama moshi unavyomezwa na dohani.

Nami nikamfuata, polepole, macho nimeyafumba nusu.

Ah, juu kule! Ukungu ulikuwa umekwisha wote. Mji mzima ulikuwa chini yetu, vigae vyekundu, vya kahawia, vyeusi kwa uzee, vimelaliana kama magamba ya samaki. Mto umepinda katikati yake, treni yetu imesimama kituoni kama kiwavi. Upepo ulikuwa unavuta mashati yetu. Mwewe alikwenda moja kwa moja hadi kwenye ukingo wa mawe, akaegemeza tumbo, akatazama chini kama mtu anayetazama ndani ya sufuria.

“Kifaranga nani?” akapaza sauti.

“Kifaranga hayupo!” nikajibu.

“Nani yuko hapa?”

“Mwewe!”

Tukarukaruka kama wendawazimu. Nilimkumbatia, nikampiga mgongo. Nilikuwa tayari naona Jumatatu: Fundi Mkuu mdomo wazi, wale waliomcheka wameshika nyundo zao kama wameshika vijiko. Nikaanza kupanga nitakavyowasimulia wenzangu kwenye pasi kwamba shairi limempandisha mtu mnara, nikiruka ile sehemu ya pumzi.

Filimbi ikalia chini.

“Tangulia wewe,” akasema Mwewe.

Nikashuka, uso kwa mbao, mgongo nje, nikitafuta kila kipago kwa ncha ya kiatu. Chini palikuwa na watu wakingoja zamu: mzee mmoja na mkewe wameshikana mikono, na bwana mmoja wa kofia nyekundu aliyekuwa akitazama saa yake. Nikasogea pembeni, nikatazama juu.

Mguu wa Mwewe ukatokeza kwenye tundu, ndani ya soksi. Ukatafuta kipago, ukakigusa. Ukarudi juu. Ukatokeza tena, ukagusa, ukarudi.

“Kuna nini huko?” mama wa filimbi akauliza.

Mguu ukatoweka. Badala yake ukatokeza uso wa Mwewe, amelala kifudifudi, kidevu ukingoni mwa tundu. Furaha yote ilikuwa imemtoka usoni.

“Siwezi,” akasema.

“Huwezi nini? Si umepanda kama paka!”

“Kupanda hakujawahi kunishinda. Ni pale pa kugeuka. Pale unapokipa mgongo kila kitu.”

Juma zima nilikuwa nimetunga shairi la kupanda. Kila ubeti unakwenda juu: mawingu, ndege, vilele. Hapakuwa na neno moja la kushuka. Mimi, ninayejivunia kupima kila silabi, sikuwa nimepima shida ya rafiki yangu hata kwa kidole.

“Mwewe, hii imefungwa kwa bolti,” nikamwambia, nikiitikisa. “Tazama. Haiendi popote.”

“Najua imefungwa. Fundi ni mimi, si wewe. Yaambie magoti.”

“Jumatatu,” bwana wa kofia nyekundu akasema, “sisi tuna kazi. Atashuka kabla ya hapo?”

Nilitaka kumrukia. Lakini akili ikanipa kitu nilichowahi kukiona kwenye majengo: fundi aliye chini akishika ngazi ya mwenzake huigonga mara mbili, kumwambia aliye juu, nimeishika, shuka. Nikaikamata ngazi, nikagonga. Ko, ko.

“Usigonge!” Mwewe akapiga kelele, mpaka yule bibi akamshika mumewe mkono. “Usigonge! Naye aligonga!”

“Nani aligonga?”

Akafumba macho. “Siku ile, ghalani. Fundi Mkuu ndiye aliyekuwa ameshika. Aligonga mara mbili, nikageuka, nikatoa mguu. Nikasikia simu yake inalia. Nikamsikia anasema haloo, na hiyo haloo ilikuwa mbali. Ilikuwa imeshaondoka pale chini. Halafu ngazi ikateleza.”

“Lakini watu wote walisema ulikosea hatua!”

“Alisema yeye. Mimi nilikuwa nimelala nimevunjika, ningesema nini? Ndiye aliyenifundisha kushika nyundo.”

Hapo sikujua tena nilipo. Nilisahau mnara, nikasahau watu. “Na ndiye anayekupa siku za kupanda?” nikaanza. “Yeye? Mtu mzima na mvi zake! Mzembe! Anaacha ngazi ya mtu akapige soga kwenye simu, halafu anakuja kusema hataki mpauaji wa kukaa chini! Jumatatu nakwenda mwenyewe pale shuleni, nasimama mbele ya mafundi wake wote, namwita mwongo, namwita muuaji wa ngazi, namwita...”

“Endelea,” akasema Mwewe.

“Namwita kila... Unasemaje?”

“Usinyamaze. Endelea.” Alikuwa amefumbua macho. “Nakusikia uko palepale. Ukiondoka nitasikia umeondoka. Mtu akigonga, amegonga, basi, anaweza kwenda zake. Lakini anayeongea hawezi kuondoka bila sauti yake kuondoka.”

“Kwa hiyo niendelee kutukana?”

“Tukana.”

“Hatukani mtu ndani ya mnara wangu,” mama wa filimbi akasema. “Kuna wazee hapa.”

“Basi soma shairi!” Mwewe akasema. “Si ulikuja nalo?”

Uso wake ukatoweka. Soksi ikatokeza. Nikaikumbatia ngazi kwa mikono miwili, nikaanza, *Panda mwenzangu upande,* na bwana wa kofia akacheka kwa sababu mtu alikuwa anashuka. Sikumjali. Nikasoma kwa nguvu, beti kwa beti, mawingu na ndege na vilele, na kila silabi ilipotoka mguu wa Mwewe ulishuka unywele. Ukagusa kipago cha kwanza. Ukakaa. Wa pili ukafuata. Mgongo wake ukaingia ndani ya tundu, shati limelowa lote.

Shairi likaisha.

Nakumbuka ule ukimya. Ulikuwa mfupi, pumzi moja, lakini mwili wake wote ulikauka juu yangu, na vidole vyake vikawa vyeupe.

“Uko wapi?” akauliza, sauti ya mtoto.

“Nipo!”

“Ongea!”

Na sikuwa na kitu. Ningeweza kurudia lile lile, lakini kichwa kilikuwa kimefutika, hata neno la kwanza sikulipata. Watu wote wakanitazama. Basi nikafungua mdomo, mimi ninayeondoka watu wakibabaisha, nikatoa kilichokuja:

*Shuka mwenzangu ushuke, ngazi haina maneno,*
*Mbao zake zisivunjike, nimezing’ata kwa meno...*

Tisa! Kipande chenye mizani tisa, kutoka kinywani mwangu, mbele za watu! Nilijisikia kama nimepasua shati la mgeni. Lakini kidole cha mguu kikashuka.

“Endelea!”

*Mama mwenye filimbi pale, anatazama kwa makini mno,*
*Na yule bwana wa kofia, hajawahi kuona mfano...*

“Hiyo haina hata mizani,” akasema Mwewe, uso kwenye mbao.

“Nyamaza ushuke! *Soksi yako ina tundu, nakiona kisigino!*”

Ngazi ikaanza kutikisika. Nikashtuka, nikaikaza. Alikuwa anacheka. Amening’inia katikati ya mnara, mgongo wazi, paji la uso limeegemea kipago, anacheka mpaka viatu vinagongana shingoni. Yule bibi naye akaanza, mumewe akafuata, na mama wa filimbi akageukia ukutani mabega yakimruka. Nami nikaendelea, sina haya tena: nikamsifu kisigino, nikalisifu yai alilokula, nikaisifu kengele, nikaweka “pilipili” mahali pa kina kwa sababu hapakuwa na kingine. Yalikuwa mashairi mabaya kupita yote niliyowahi kuyasikia. Sikuyakatisha hata kwa kumeza mate.

Mpaka kisigino kile kikanigusa bega. Halafu mbao za sakafu. Akageuka, tukatazamana.

“Umefika,” nikasema, sauti imenikauka.

“Nimefika.”

Bwana wa kofia nyekundu ndiye aliyeanza kupiga makofi. Mama wa filimbi akapuliza filimbi yake kwa nguvu zote, sijui kwa kanuni gani.

Tulishuka zile ngazi za mawe mbio mbio, Mwewe kachukua viatu mkononi, tunarudiana mishororo mibovu na kupiga kelele. “Pilipili!” anasema. “Pilipili ilitoka wapi?” Tukatokea uani juani, tukajitupa kwenye benchi la mawe kando ya lango. Nilikuwa nimejaa furaha mpaka vidole vinawasha. Nikajua pia nilikuwa na hasira bado, imekaa chini ya furaha kama mchanga chini ya maji.

Mwewe akatoa simu.

“Unampigia mama?”

“Fundi Mkuu.”

“Nipe mimi. Nipe niongee naye mimi.”

“Kaa chini. Wewe umeshaongea ya leo.” Akaiweka juu ya benchi katikati yetu, akabonyeza sauti isikike. Ikaita. Upande wa pili mtu alikuwa akipiga misumari.

“Mwewe?” sauti nzito ikasema. “Kuna nini, Jumamosi hii?”

“Shikamoo, mzee. Niko mji wa ngome. Nimepanda mnara.”

“Marahaba! Umepanda? Nilijua! Si nilisema? Nilisema kijana yule akitiwa moto kidogo...”

“Nimepanda na nimeshuka, mzee. Kupanda hakukuwa tatizo.” Akaisogelea simu. “Siku ile uligonga.”

Nyundo ya upande wa pili ikaacha.

“Niligonga,” Fundi Mkuu akasema.

“Halafu simu ikalia.”

Nikafungua mdomo, Mwewe akaniinulia kiganja bila kunitazama.

“Ililia,” sauti ikasema mwishowe, ndogo. “Nilidhani hukuona.”

“Sikuona. Nilisikia.”

“Mwanangu... niliogopa. Wote walikuwa wamesimama pale, wananitazama. Nikasema umekosea hatua. Nilipokwisha kulisema mara moja, kila siku nikazidi kushindwa kulirudisha. Na kila nikikuona umekaa chini na misumari, nilikuwa naona... Nilitaka upande tu, niache kuona.”

Mwewe alikuwa akikwaruza jiwe la benchi kwa ukucha. Nilidhani atalia, au atatukana, na ningemsaidia kwa lolote kati ya hayo. Alipoinua kichwa, macho yalikuwa makavu, makali, yale ya zamani.

“Jumatatu nakuja, mzee. Napanda. Lakini ngazi yangu utaishika wewe, si mwingine. Na nikianza kushuka sitaki kugongewa. Nataka uongee. Usinyamaze mpaka niguse ardhi.”

“Niongee nini?”

“Chochote. Hesabu misumari. Imba ukitaka.”

Tukasikia anavuta pumzi. Nyuma yake mtu akamuuliza kitu, naye hakumjibu.

“Nitaongea,” Fundi Mkuu akasema, na sasa sauti ilikuwa imepanda, kama anataka hata wale wa kwake waisikie. “Simu nitaiacha nyumbani. Nitaishika ngazi yako kwa mikono miwili na nitaongea mpaka uguse chini, mafundi wote wamesimama pale. Na neno la kwanza nitakalolisema, Mwewe, nakuahidi, ni kwamba wewe hukukosea hatua.”